Choo cha maua kilivyotaka kumrudisha bibi kijijini

Wakuu, mbukwenyi. Ndugu wa pwani msiojua, hiyo ndiyo salamu ya kwetu Ugogo.

Mnanijua sina maneno darasani. Mwalimu akinitaja nasimama, naangalia ubao, nakaa. Lakini daftari hili la bweni linalopita mkono kwa mkono halinitazami usoni, kwa hiyo leo nami nimeshika kalamu.

Nitakayoandika ni kweli tupu, na mengine yananiaibisha mwenyewe. Mkimaliza tieni maneno yenu pembeni kama kawaida, ila msinisomee kwa sauti wakati wa kula.

Maana habari yenyewe ni ya choo.

Likizo iliyopita nilipanda gari la moshi hadi Dodoma. Baba ni karani wa mizigo pale stesheni, na alikuwa amepata nyumba ya mawe nyuma ya reli. Nyumba nzuri, ina bati juu. Shida ni ardhi yake: ukichimba kidogo tu, jembe linalia kwenye mwamba.

Ikabidi shimo la choo lichimbwe kule chini penye udongo, hatua kama ishirini, na chooni kwenyewe liwekwe bakuli la kukalia, lenye bomba la kupeleka mambo shimoni.

Mmeanza kucheka. Subirini.

Haraka yote ilikuwa kwa ajili ya bibi, mama yake baba. Nyonga zimemchoka, anatembea kwa fimbo. Kijijini alibaki peke yake, baba akamleta. Sasa mjini vichaka vimefyekwa kando ya reli yote, na ukionekana umechuchumaa askari anakutimua mbele za watu.

Baba akasema wazi: choo kikifanya kazi, mama anakaa nasi. Kisipofanya, anarudi kijijini, kwa sababu yeye hawezi kuona mama yake akibebwa mgongoni asubuhi na jioni kupelekwa porini, kama mzigo wa chumvi.

Tulinunua kwa Fundi Hamadi, mtu wa pwani aliyekuja na reli na hakurudi nayo. Uani kwake kulikuwa na mabakuli matatu. Moja jeupe, limechorwa maua ya buluu, shingo yake imepinda kama ya bata. Mengine mawili hayana sura kabisa, moja la chuma na moja la udongo wa kuchoma, ila koo zao pana.

"Karani, hili la maua haliwezi kuziba," fundi akasema. "Limwagie maji uone. Linameza kama mtoto wa shule."

Alisema hivyo akinitazama mimi. Sikumpenda. Mtu anayesifu kitu kabla hajaulizwa, mimi humtazama mikono. Mikono yake ilikuwa inafuta vumbi kwenye maua, haigusi ile shingo hata mara moja.

Niliona, sikusema. Baba akachukua la maua.

Siku ya tano kikaziba. Maji yakapanda juu, yakasimama pale yanatutazama. Baba akachokoa kwa ufito mpaka yakashuka. Baada ya siku chache, yakasimama tena.

Hapo ndipo nyumba nzima ilipoanza kushukiana.

Mama alimshuku Bwana Shabani, mpangaji wetu wa chumba cha uani, mtu wa Kondoa anayeuza asali na nta. "Nta hiyo," akaninong'oneza jikoni. "Anaoshea vyombo vyake mle."

Bwana Shabani alimshuku fundi.

Fundi alipoitwa, akashuku maji yetu. "Nyinyi watu wa bara mnamwaga kata moja, halafu mnataka isafiri hatua ishirini?"

Mama akamjibu palepale, "Maji tunayafuata mbali, fundi. Wewe ulisema kinameza. Hukusema kinakunywa."

Na mimi nilimshuku bibi.

Hapa mkono wangu unaona haya, lakini nimeahidi kweli. Bibi hujifutia gunzi, kama wazee wengi wa kwetu. Basi nikachukua karatasi, nikajibanza dirishani, kila anayeingia chooni nikamwandika: kaingia na nini, katoka na nini. Bwana Shabani, kopo la maji, katoka na kopo. Mama, ndoo, katoka na ndoo. Bibi, kitu ndani ya kaniki, katoka mikono mitupu.

Siku tatu mfululizo, mikono mitupu.

Choo kilipoziba mara ya tatu, mimi nisiyesema nikamfuata baba na karatasi yangu. Akaisoma mara mbili. Akaikunja vizuri, akaingia kwa bibi.

Ya baba sikuyasikia. Ya bibi niliyasikia.

"Mwanangu, gunzi natupia nje kwa lile dirisha dogo, kuku ni mashahidi. Lakini kama choo chenu kimenikataa, nifungieni vitu vyangu."

Hakuna aliyekwenda kutazama nyuma ya dirisha. Hata mimi sikwenda. Karatasi ilikuwa imeshasema.

Kesho yake asubuhi punda wa Bwana Shabani alifungwa mlangoni. Mzigo wa bibi ulikuwa chungu, kibuyu na ngozi yake ya kulalia. Lakini mwenye punda akawa hataki kumkabidhi.

"Karani, kwanza fungueni shingo ya hicho choo," alisema. "Punda wangu habebi mtu aliyehukumiwa kwa karatasi."

Baba alikasirika, lakini punda si wake. Fundi akaitwa. Akafungua lile bomba pale linapopinda, akaingiza waya, akavuta.

Gunzi halikutoka. Nta haikutoka. Lilitoka donge la kijivu, gumu, limechukua umbo la ile shingo ya bata. Fundi akaligonga kwenye jiwe, likavunjika. Akalisugua kwa vidole, akanusa.

"Majivu haya. Nani anamwaga majivu chooni?"

Wakuu.

Ndugu wa pwani, kwetu shimo la choo lisilo na majivu ni aibu ya nyumba nzima. Majivu yanaua harufu, yanafukuza nzi. Tangu nikiwa mdogo kazi hiyo ilikuwa yangu: kuzoa majivu mekoni asubuhi na kumwaga shimoni. Niliporudi likizo hakuna aliyenituma. Nilifanya mwenyewe, kwa adabu, kila siku kabla wengine hawajaamka. Kata nzima ya majivu ndani ya lile bakuli la maua. Kwenye karatasi yangu niliandika watu wote isipokuwa mimi.

Fundi alimtazama mama, kwa kuwa meko ni ya mama. Ningeweza kunyamaza.

"Ni mimi," nikasema.

Sauti ilitoka ndogo mno, baba akauliza, "Nani?"

Ikabidi niseme tena, kwa nguvu, jirani wakasikia.

Bibi alikuwa amekaa juu ya mzigo wake. Akanitazama, akamtazama fundi. "Mwacheni punda hapo hapo, namtaka. Siendi kijijini. Nakwenda uani kwa huyu."

Akapandishwa punda, tukamfuata sote. Alibeba magunzi, majani na majivu. Akaamuru kila bakuli litiwe vyote, kisha kata moja ya maji, moja tu, ya watu wa bara. Kwenye bakuli jingine la maua ya buluu, ndugu ya lile letu, alilokuwa ameletewa baada yetu, vitu vilikwama kooni. Kwenye lile la chuma gunzi lilijishikiza kwenye kutu. Lile la udongo likapitisha kila kitu, tukasikia vikianguka upande wa pili.

"Hili," bibi akasema.

"Lakini bibi, hilo halina maua."

"Nitalikalia, fundi. Sitalitazama."

Likabadilishwa siku hiyo hiyo, na bomba likanyooshwa. Mpaka naondoka halikuziba hata mara moja, na majivu nayamwaga kule kule shimoni.

Nilichojifunza: choo usichague kwa macho wala kwa mdomo wa anayekiuza. Tazama koo, liwe pana, bomba lisipinde. Kijaribu mbele yake kwa vitu ambavyo watu wa kwenu hutumia kweli, na kwa maji mliyonayo. Na ukiandika orodha ya unaowashuku, mstari wa kwanza jiandike wewe.

Bibi yupo, anakaa. Hakunigombeza. Ila tangu siku ile, kila akipita mbele yangu kwenda chooni husimama, anafungua kaniki, ananionyesha gunzi lake, kisha anapita. Hatabasamu, hanuni. Nilimwambia, "Bibi, usinionyeshe." Akajibu, "Haya, mjukuu wangu," na kesho yake akanionyesha tena.

Wenye vyoo vya bomba kwenu, andikeni vinavyowatendea. Na aliyewahi kumwomba radhi mzee ambaye hajakasirika, aniambie alianzaje.