Kijiko Nilichokitupa Mtoni Mara

Mimi shule niliishia darasa la tatu, lakini chambo cha chuma hakuna mwanamume wa Kewanja aliyenishinda kutengeneza. Nakata mpini wa kijiko, natoboa tundu kwa msumari, nakipinda kidogo tu kicheze kwenye maji. Ukikipinda sana kinazunguka kama kichaa na kambale, sisi tunamwita mumi, anakiogopa. Maji yakiwa meupe, tumia kijiko cheupe. Yakiwa rangi ya chai, tumia shaba ya waya. Na yakiwa tope, sahau kung'aa. Hapo samaki haoni kitu, anasikia mtikisiko kwa ndevu zake. Tafuta chuma kizito kinachotetemeka.

Miaka ile ya dhahabu mto Mara ulikuwa tope karibu wakati wote. Watu walitoka kila upande, hata ndugu zetu wa ng'ambo ya mpaka walikuja na makarai yao. Mume wangu alikuwa mchimbaji. Mchana mmoja wa masika alikuwa anaosha mchanga, ukingo ukakatika chini ya miguu yake. Karai liliibuka. Yeye hakuibuka.

Wanaume walitafuta kwa nyavu na kwa miti mirefu, siku ikaisha, nyingine ikaisha. Viboko waliwafukuza. Mamba walikuwa wamelala mchangani wamefumba macho, hawana haja na kitu, kama walioshiba. Hilo lilinitisha kuliko kama wangekuwa majini.

Sisi Wajaluo mtu akipotea majini tunazika yago badala yake, lile tunda refu zito linaloning'inia kama mguu wa ng'ombe. Likishazikwa, basi. Huyo hatafutwi tena, na akionekana baadaye haingizwi bomani. Kaka mkubwa wa mume wangu alikuja na tunda begani. Kaburi lilikuwa limeshachimbwa.

"Mke wetu," akaniambia, "kesho asubuhi tunamzika. Mama amechoka kulia."

"Unamzika nani, shemeji? Hilo ni tunda."

"Ndilo tulilonalo."

"Basi kaa nalo. Mimi naenda mtoni."

Nilichukua kijiko kikubwa cha kupakulia ugali, nikakifanya chambo kwa namna ile ile ya kambale wa maji ya tope. Ndoano nene, mshipi mnene. Wachimbaji waliokuwa ukingoni waliponiona walicheka.

"Hawa Wajaluo! Hata msibani wanavua!"

"Nikimpata mumi mkubwa nitakupa kichwa," nikamjibu mmoja, "maana chako hakina kitu."

Nilitupa kwenye kilindi chini ya kona, pale maji yanapozunguka polepole. Nikavuta, nikasikia kijiko kinatetemeka chini kule, trr, trr, kama moyo wa kuku. Nikatupa tena. Jua lilikuwa utosini. Ndege walinyamaza, sijui kwa nini.

Mshipi ukasimama. Samaki akishika anakimbia. Gogo likishika halina habari. Hiki kilishika, kikatulia, kisha kikavuta. Mara mbili, mvuto mfupi mfupi.

Mchimbaji niliyemtukana alivua kofia. "Mama," akasema taratibu, "hiyo ni ishara ya kamba. Mtu akiwa chini shimoni akitaka kupandishwa, anavuta hivyo."

Wenzake walishaanza kurudi nyuma. Shemeji, aliyekuwa amenifuata, akapiga kelele, "Kata! Kata mshipi, mwanamke!"

"Njoo ukate wewe."

Hakuja. Niliuzungusha mshipi kwenye kidole nikavuta, damu ikatoka, nikavuta. Alikuja mwepesi, kama mtu anayetembea. Mgongo wake ulitokea kwanza. Hapo wachimbaji wakaingia majini kunisaidia, tukamlaza kwenye majani. Hakuwa na alama ya jino la mamba, hakuwa na jeraha. Tukatafuta ndoano ilipomchoma. Hatukuiona kwenye shati wala kwenye nyama. Kijiko kilikuwa ndani ya ngumi yake, vidole vimefunga.

Nyumbani mama yake alijaribu kuvifungua wakati wa kumwosha. Alibembeleza, "Mwanangu, achia." Havikufunguka. Shemeji akataka kuleta koleo.

"Ukimgusa na koleo nitakugusa nalo na wewe," nikasema. "Mwacheni nacho."

Nikakata mshipi kwa wembe karibu na ngumi. Kile kipande kilichokuwa kimezama kwenye kidole changu sikuwahi kukitoa, mkono ulikuwa umevimba.

Tulimlaza upande wa kulia wa nyumba, mahali pa mwenye boma, akiwa yeye mwenyewe na si tunda. Shemeji alitupa udongo wa kwanza, nami nikafuata. Walipokuwa wanamalizia kusawazisha, kidole changu chenye ule mshipi kilivutwa. Polepole, kuelekea chini. Niliangalia kama kuna aliyeona. Hakuna.

Nilisimama pale mpaka kikalegea chenyewe, kama samaki anapoachia.