Kiatu cha Kushoto cha Fernand

Wifi yangu Léontine alipata riziki yake kwa kutembea na mikono. Msicheke. Watu wa Paris mnacheka kila kitu, na ndiyo maana nasimulia.

Bosi wake alikuwa Bwana Barbotin, mwigizaji wa vichekesho, filamu anaongoza mwenyewe na kucheza mwenyewe. Anayeanguka ni yeye, anayebanwa na mlango ni yeye, anayekalia kiti kisichokuwepo ni yeye. Kusema, hasemi. Lakini filamu ya mtu asiyesema inataka sauti, na sauti zilitengenezwa baadaye na Léontine, katika chumba kimoja chini ya ardhi. Barbotin akivunjika kidole kwenye picha, Léontine anavunja karoti. Akikanyaga theluji, Léontine anaminya mfuko wa unga. Akitembea, Léontine anavaa viatu mikononi, anainamia ubao na kumtembeza.

Kaka yangu Fernand ndiye aliyemwoa, na sote watatu tuliishi nyumba moja, ghorofa ya nne. Fernand alikuwa fundi wa reli. Jumanne moja ya mwaka hamsini na sita alikwenda kazini, behewa likambana, tukaletewa kofia. Viatu vyake vya Jumapili vilibaki chini ya kitanda. Kile cha kushoto kilikuwa kinalia. Siku moja kililowa mvua, akakikausha juu ya jiko, mjinga yule, na tangu siku hiyo kila hatua ni kwii. Akianza kupanda ngazi, kwii, kwii, Léontine anapakua supu kabla mume hajafika mlangoni.

Mwaka wa pili baada ya mazishi, Barbotin aliingiwa na kisirani. Alikuwa na kipande cha kupanda ngazi amebeba keki ya harusi, na hakuna viatu vilivyomchekesha. Pea thelathini alizikataa.

"Bibi Léontine," akamwambia, "kesho ukiniletea tena hatua hizi za msibani, natafuta mtu mwingine."

Kesho yake Léontine akaenda na viatu vya kaka yangu. Kwii. Barbotin alicheka mpaka akakaa sakafuni.

Filamu ilipotoka, nchi nzima ikacheka, na Barbotin akaitaka kwii ileile kwa filamu inayofuata. Mwuza mikate wetu akawa anawasindikiza wateja kwa mdomo, kwii, kwii, na foleni nzima iko hoi. Nikahama duka.

"Huna haya wewe?" nilimwambia Léontine jikoni. "Umemtoa kaka yangu kaburini umfanye kichekesho?"

"Wifi, punguza sauti."

"Sipunguzi! Fernand hakuwa mtu wa kuchekwa."

"Alikuwa," akasema, anamenya viazi vyake. "Tena alipenda. Asiyejua kucheka ni wewe. Tangu nimeolewa humu sijaona meno yako."

Yaliniuma maneno hayo, sidanganyi. Niliapa sitakanyaga sinema kutazama upuuzi ule. Na Jumamosi alipokwenda kwa mama yake, nikavitoa viatu kwenye mkoba wake wa kazi, nikampelekea fundi Prosper pale kona.

"Hiki cha kushoto kinyamazishe," nikamwambia.

Prosper akang'oa soli, akaweka ngozi mpya, akagongelea, akapaka mafuta. Nikavirudisha mkobani vinang'aa. Nilijiona nimemzika kaka yangu sawasawa.

Jumatatu Léontine alirudi mapema. Alivaa viatu mikononi akatembea juu ya meza ya jikoni. Ko. Ko. Akarudia tena. Ko. Ko.

"Umefanya nini, wifi?"

"Nimemsitiri kaka yangu."

"Wewe una kaburi, unakwenda unaweka maua," akasema. "Mimi mle chini wakizima taa nafumba macho, natembeza hivi viatu, naye anapanda ngazi. Kila siku alikuwa anarudi nyumbani, wifi. Kila siku."

Mungu wangu. Nilitamani sakafu inimeze. Wiki nzima tulivilowesha kwenye beseni na kuvikausha jikoni, tunalowesha, tunakausha, nyumba inanuka ngozi mbichi. Vilipasuka tu. Akaenda studio kuomba utepe wenye hatua zile, akaambiwa umeshafutwa, umerekodiwa mambo mengine. Barbotin alimvumilia mpaka mwisho wa mwezi, kisha akatafuta mtu mwingine.

Basi Fernand akabaki ndani ya filamu ile ya keki tu. Miaka ikawa inapita, Léontine anaifuata sinema hadi sinema, na kila mara anarudi amevimba macho.

"Wanamfunika," alikuwa ananiambia. "Ngazi kumi na mbili, ya pili tu wameshaanza kucheka. Simsikii."

Ilipoletwa kwenye ukumbi mdogo wa mtaani kwetu, Alhamisi moja mchana, mvua inanyesha, akaniomba. "Twende, wifi. Leo hakuna watu." Ningekataaje?

Tulikuwa sisi na mzee mmoja aliyelala. Keki ikatokea, na chini yake Barbotin. Ukumbi kimya kabisa. Kwii. Nywele zilinisimama. Alikuwa yeye, Fernand mzima mzima, anarudi kula supu. Léontine akanishika mkono. Kwii. Machozi yananitoka. Kwii.

Hapo Barbotin akasimama. Akakitazama kiatu kwa mashaka. Akakanyaga polepole sana, kama anayepita karibu na mtoto aliyelala. Kwii! Akakivulia kofia kukiomba radhi, akainama, na bibi harusi wa sukari akateleza toka juu ya keki akaingia mfukoni mwake.

Kicheko kilinitoka. Nilijibana kwa mikono miwili, hakikubali. Nilipasuka, nikayachapa magoti yangu makofi, nikacheka kwa miaka yote ambayo sikucheka, hadi yule mzee akaamka. Nilipopata pumzi, Barbotin alikuwa ameshafika juu na mlango umefungwa.

Léontine alikuwa anatazama mbele, mikono yake ipo mapajani.

"Hata wewe," akasema.