Ukijani Ndani ya Sanduku la Kioo

Binti yangu alikuwa na miaka saba homa ilipompoozesha miguu. Dresa wa zahanati aliyagonga magoti yake mara mbili, akanitazama, akasema tusitegemee kitu. Tulikuwa tunaishi Kimuli, katika kibanja cha wakwe zangu, katikati ya migomba na kahawa, nyumba yenye dirisha moja tu la maana. Kitanda chake tulikiweka hapo.

Mume wangu alikuwa seremala kwenye machimbo ya bati, akija nyumbani Jumamosi kwa Jumamosi. Siku moja alikuja na vioo vilivyobaki walipojenga nyumba ya meneja. Aliviunga kwa mbao na lami, akapata sanduku lisilovuja, akaliweka dirishani. Kisha alishuka mtoni na debe, akarudi na samaki sita, furu wadogo kama vidole. Mtoto alicheka. Mimi nilitoka nje nikalilia migombani, maana nilikuwa nimeshasahau sauti ile.

Wiki ya tatu kioo kilianza kuota utando wa kijani. Nikausugua kwa nyuzi za mgomba. Baada ya siku nne ulikuwa umerudi, mzito zaidi, na maji yenyewe yamegeuka rangi ya mboga zilizochemshwa.

"Mama, siwaoni," alisema.

Nikamwaga maji yote, nikaleta mapya kutoka kisimani. Samaki wawili wakafa siku hiyohiyo. Wiki iliyofuata, kijani tena.

Kanisani nilimkuta fundi mitambo wa machimbo, mtu wa Muleba, aliyewahi kufanya kazi kwa Mzungu mfuga samaki. Nikamsalimu, nikamweleza.

"Dada, uchafu huo unakula jua, na unakula mabaki ya chakula," alisema. "Lifunike sanduku. Na uwape chakula kidogo sana."

Lakini mwanangu naye alikuwa anaishi kwa jua hilohilo. Nikikisogeza kitanda gizani, haoni samaki. Nikilisogeza sanduku, haoni samaki. Nikalifunika kwa blanketi kuukuu, nikawa nalifunua kwa muda wa saa moja tu kila asubuhi. Maji yakaanza kung'aa. Nikadhani nimeshinda.

Wakati wa kuvuna kahawa nilikuwa nashinda shambani. Siku moja nilirudi mapema, nikamkuta amepenyeza mkono chini ya blanketi. Ndani ya maji kulikuwa na vipande vya ndizi vilivyooza, na harufu ilinipiga usoni.

"Umefanya nini?"

"Wanakuja kuninyonya vidole, mama. Saa moja ni fupi."

Nilimgombeza. Mungu anisamehe, nilimgombeza mtoto asiyeweza kuinuka kitandani. Nilimwambia ni mkaidi, nimechoka, kila ninachokifanya anakiharibu. Hakulia. Aliufuta mkono wake kwenye shuka.

Mama mkwe wangu alikuwa mlangoni, ameyasikia yote. "Weka chumvi," akasema. "Chumvi huua uoto wowote." Hakuwa na nia mbaya. Nami nilikuwa na hasira, nilitaka kitu kimoja tu kinitii siku ile. Nikachota chumvi ya dukani viganja viwili, nikaimimina.

Asubuhi nililiondoa blanketi. Samaki wote wanne walikuwa wanaelea, matumbo juu, na kile kijani bado kimeshika kioo palepale.

Binti yangu aliwatazama. "Ni chumvi?"

"Ndiyo, mwanangu. Ni mimi."

Akageukia ukutani.

Jumamosi baba yake alipofika alikaa kando yake kitandani. "Nitakuletea wengine, wakubwa kuliko wale."

"Usilete, tata."

"Kwa nini?"

"Mama anachoka."

Mume wangu aliinuka. Alilibeba sanduku nje, nami nikabaki nimesimama katikati ya chumba bila kujua mikono yangu niiweke wapi.

Nilimwomba binti yangu msamaha siku hiyo, na siku nyingine nyingi. Kila mara alinijibu, "Hakuna neno, mama," kwa adabu, kama anavyojibiwa mgeni. Aliishi hadi masika yaliyofuata, kifua kikambana, tukamzika nyuma ya nyumba. Katika miezi yote ile hakuniomba kitu tena, hata maji ya kunywa. Nilikuwa nampelekea kikombe bila kuombwa, naye alikuwa anakunywa na kushukuru.