Bega la Mjomba Hatibu

Kivimbe kilianza kama punje ya mahindi chini ya ngozi, kwenye bega la kulia, karibu na shingo. Hatibu hakukijali. Alikuwa mkulima wa migomba huko Kinole, na mwili wa mkulima hauishi kuota hiki na kile. Mwaka wa nne kilikuwa sawa na yai la bata, laini, hakiumi mpaka kibanwe.

Kwao mwali akitolewa ndani hubebwa mabegani, na wa kwanza kumwinua ni ndugu wa mama yake. Hatibu alipombeba Furaha, mpwa wake mkubwa, paja la msichana lilikilalia kile kivimbe mpaka macho yakaingia giza. Hakufika uwanjani. Alimtua njiani, wengine wakampokea, ngoma ikaendelea. Tangu siku ile watani wake walimwita Mjomba Nusu Njia, naye akacheka pamoja nao, kama wanavyocheka watu wasio na namna nyingine.

Sasa Mwaisha, mdogo wake Furaha, alikuwa ndani mwezi wa kumi na tatu. Angetolewa baada ya mavuno.

"Safari hii mwachie Abasi," alisema Chausiku, mama wa wasichana hao na dada yake Hatibu. Abasi alikuwa mdogo wao. "Ana mabega kama lango la boma."

"Na mimi nishike nini, dada?"

"Ushike mdomo."

Hatibu aliteremka Morogoro. Siku zile mtu wa milimani hakwenda kwa Wadachi ila ameitwa, na aliyeitwa alikwenda kwa kodi au kwa viboko. Yeye alikwenda mwenyewe, akaketi kwenye baraza la hospitali tangu asubuhi. Daktari alilibonyeza bega, akasema maneno machache kwa lugha yake. Gabrieli, mfungaji vidonda aliyelelewa misheni ya Matombo, akamfasiria.

"Anasema ni mfuko tu. Ndani mna uchafu kama uji uliochacha. Hutolewa mzima pamoja na ganda lake. Kikibaki kipande, mfuko utaota tena."

"Nitakuwa macho?"

"Wewe macho. Bega litalala."

Ikawa hivyo. Baada ya sindano alisikia ngozi yake ikivutwa na kukatwa kwa mbali, kama nguo ya mtu mwingine. Gabrieli alimwonyesha ule mfuko ndani ya bakuli. Hatibu akaona haya kwamba kitu kidogo vile kilimtawala miaka minne. Alishonwa nyuzi saba.

"Nyuzi tunatoa siku ya kumi," Gabrieli alisema. "Kubeba, mpaka siku ya arobaini."

Akahesabu. Mwaisha angetolewa siku ya arobaini na mbili. Zilibaki siku mbili za akiba.

Nyuzi zilitoka vizuri. Chausiku alimnyima hata jembe, na yeye akalala kwa ubavu wa kushoto, kidonda kikimwasha usiku kucha kama kinavyowasha kinachopona. Siku ya kumi na nane kovu lilikuwa kavu. Alikwenda nyuma ya nyumba, akainua mkungu wa ndizi, akauweka begani. Alitaka kujua tu. Alipoutua, shati lilikuwa limelowa damu, na baada ya siku tatu usaha.

Alirudi Morogoro kwa miguu, bega likiwaka moto.

"Nilisema arobaini," Gabrieli alisema, akiosha kidonda.

"Sikuwa nabeba. Nilikuwa najaribu."

"Mkungu haujui kama unajaribu."

Safari hii hakikushonwa. Kiliachwa wazi kijijaze kutoka chini, na arobaini ikaanza upya.

Nyumbani Hatibu alimwambia dada yake, "Abasi ambebe." Alisema kwa moyo mmoja. Siku za mwali si mali ya mjomba. Kila siku ya kovu lake ingekuwa siku moja zaidi ya binti asiyeona jua. Chausiku aliingia ndani kwa Mwaisha, akakawia, akatoka.

"Anasema atangoja."

"Nani kamwuliza?"

"Mimi. Anasema Furaha alimsimulia ulivyomtua. Ulikuwa huoni mbele, lakini ulipiga magoti kwanza, ukamshusha taratibu. Anasema anamtaka mtu huyo."

Miaka yote ile Hatibu alikuwa amekumbuka kwamba alimtua. Kwamba alipiga magoti hakuwahi kukumbuka.

Basi wakangoja, yule gizani, huyu juani. Hatibu hakuinua hata kibuyu cha maji. Watani walimuuliza kama naye amekuwa mwali, akawaambia ndiyo, wamletee zawadi. Nyama nyekundu ilijaa polepole, ikafunikwa na ngozi nyembamba ing'aayo. Siku ya arobaini Gabrieli alilikandamiza kovu kwa kidole gumba, kwa nguvu.

"Unasikia nini?"

"Kidole."

"Nenda kambebe."

Siku ya ngoma Hatibu alipiga magoti mlangoni. Mwaisha alitolewa amefunikwa kanga, akakaa mabegani mwake, mzito kuliko alivyodhani. Kovu likavutika, likashika. Abasi alitembea ubavuni, mikono tayari. Walipita pale alipotuliwa Furaha, wakaingia uwanjani, katikati ya vigelegele.

"Umefika," Chausiku alimwambia. "Mpe Abasi sasa."

"Ngoja kwanza, dada," alisema Hatibu, na akaanza kuzunguka uwanja.