Unga wa Dani Uliokataa Kuchacha

Nikinusa unga uliochacha, hata leo, narudi jikoni kwa Dani, yaani nyanya yangu, kule Pap Onditi. Nilikuwa darasa la sita, mjuaji kwelikweli, msichana wa kusahihisha watu wazima.

Juma lile Mama alikwenda Asembo Bay kununua samaki, akaniachia Dani, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ametoka kuugua malaria. Tumbo lake halikupokea kitu ila uji mchachu. Kabla ya kuondoka, Mama alikoroga unga wa mtama kwa maji, akafunika chungu. "Siku mbili utakuwa tayari," alisema.

Lakini mvua ikanyesha mfululizo, baridi ikaingia mpaka mifupani. Asubuhi ya siku ya tatu nikaonja: unga na maji tu. Dani alikuwa hajala tangu jana yake. Niliogopa, jamani, mikono yake ilikuwa imebaki ngozi.

Nikapiga hesabu. Chungu ni kikubwa, ndiyo maana kinachelewa. Si maji kidogo huchemka upesi? Basi nikateka vikombe viwili, nikavitia kwenye sufuria, nikakaa kuilinda.

Dani alinitazama kutoka kwenye kigoda chake karibu na moto. "Nyathina, mwanangu," alisema, "unga umeupunguza. Na baridi je, umeipunguza?"

"Ngoja tu, Dani. Utaona."

Mchana nikaonja chungu, nikaonja sufuria. Ladha ile ile! Nikanuna, karibu nilie. Ndipo akili ikanijia, nikaibeba sufuria hadi kando ya mafiga. Jioni povu lilikuwa limepanda na harufu kali imejaa jikoni. Nikapika. Dani akanywa mabakuli mawili, akapangusa mdomo. "Sasa umejua kupika," akasema.

Miaka mingi baadaye, nikiwa mwanafunzi Maseno, mhadhiri aliandika ubaoni herufi moja, k: namba inayoonyesha badiliko la kemikali lina kasi gani. Punguza kitu chenyewe, alisema, namba hii haitikisiki. Ongeza joto, inapanda. Wenzangu wakanakili. Mimi nikacheka peke yangu, kisha kicheko kikanikatika.

Nilikumbuka pale kando ya mafiga nilipoipeleka sufuria. Majivu yalikuwa yamesawazishwa vizuri, duara la kutosha sufuria, na kigoda cha Dani kimesogezwa pembeni. Siku ile niliyaona, nikadhani ni bahati yangu. Kumbe alikuwa ameniandalia nafasi tangu asubuhi, akashinda na njaa yake akingoja nifike mwenyewe.