Mkwe Jikoni

Mimi nina mdomo, sikatai. Lakini enzi za Mwingereza, nilipokuwa mfagizi katika hospitali moja ndogo huku Iramba, mdomo wangu haukuwa wangu. Ulikuwa wa watu wawili.

Mmoja alikuwa dresa, msaidizi wa daktari. Wa pili mpishi mpya wa wagonjwa ambaye, kwa mkosi wangu, alikuwa mama mzazi wa mke wa huyo dresa. Kwetu mtu na mama mkwe hawasemeshani ana kwa ana. Basi dresa husimama mlangoni pa jiko, anatazama kando, ananiambia nimwambie mama apunguze chumvi. Mama yupo palepale na masikio anayo, lakini hajibu mpaka nirudie mimi. Nikisharudia, ananituma nikamwambie amesikia. Ebo! Na wodi atafagia nani?

Daktari Mzungu alikuja kwetu mara chache, akawapasua waliomngoja, akaondoka siku ileile. Safari moja alingojwa na mama mmoja wa kijiji cha mbali, mwenye uvimbe tumboni uliomtesa tangu masika. Sharti lilikuwa moja tu, asile kitu asubuhi hiyo.

Dresa akaja jikoni kusema hivyo. Mimi nilikuwa kisimani, na aliyenituma maji ni yeye mwenyewe. Akamkuta mkwe wake peke yake, anapakua uji wa uwele. Akageuka, akaenda kunisubiri njiani! Aliponieleza nilitua ndoo nikakimbia, lakini nilimkuta mgonjwa anamalizia bakuli.

Daktari akasema hampasui mtu aliyekula. Akauliza kosa ni la nani, na dresa akajibu kwamba mfagizi hakuwepo. Hasira zilinipanda. Nikawaambia wote kwamba mimi niliajiriwa kufagia, na adabu ya namna hii itatuulia watu.

Ndipo mpishi akajifunika kanga usoni, akamsemesha mkwewe kwa mara ya kwanza.

“Baba, pale mlangoni palikuwa na kuku. Ungemwambia hata yule kuku, mimi ningesikia.”

Gari la daktari likaondoka, na kila mtu akarudi kazini kwake amenuna.

Yule mgonjwa alikuwa bado amekaa kwenye benchi. Hakujua Kiswahili, na katika ugomvi wetu wote hakuna aliyekumbuka kumweleza. Nilipopita na ufagio akanisalimu vizuri, kisha akaniuliza kwa Kinyiramba ataitwa saa ngapi.