Upanga wa Mdachi Mkononi mwa Mke Wangu

Kuna watu wanaokusanya stempu, kuna wanaokusanya wake. Miye nilikusanya panga za Wadachi, Wajerumani wa zamani, zile ambazo maofisa wao walipewa na wenzao kama zawadi ya heshima. Walizivaa siku za gwaride tu, hazikukata hata jani. Nilikuwa nazo tatu. Upanga wa kwanza alinipa mzee mmoja wa Kilibula aliyewabebea Wadachi mizigo vita vya zamani. Nilimpa mbuzi, akanicheka mpaka akakohoa. Wa pili aliniachia Mbelgiji wakati wa Uhuru, gari lake lilipokosa nafasi.

Nilizipaka mawese, maana huku kila kitu tunapaka mawese. Mende wakashukuru. Padiri wa misheni ndiye aliyenifundisha kutumia mafuta ya cherehani, huyo huyo aliyenisomea maandishi yaliyochongwa kwenye panga, kwa sababu shule niliiacha mwaka wa pili, na hiyo ni hadithi ya mwalimu na fimbo yake, tuiache.

Wa tatu niliutoa Bijombo, huko milimani, kwa mchungaji wa ng'ombe aliyekuwa akichokonolea nao moto. Mpini wake ulikuwa kichwa cha simba chenye macho ya kioo chekundu. Padiri alisoma kwenye bapa lake: «Kwa rafiki yetu, anapotuacha.» Huo niliupenda kuliko mbuzi zangu zote.

Tabu ilikuwa mke wangu. Aliona ni kisu kirefu kizuri cha kupasulia samaki wa kuanika. Kila wiki tuligombana.

Basi waasi walioitwa Simba wakaingia Uvira, mji wetu, wakipita nyumba kwa nyumba kutafuta silaha. Zile panga mbili walizikuta chini ya kitanda, wakazibeba. Nikaomba wasiende nyuma ya nyumba. Wakaenda. Mke wangu alikuwa amekaa kwenye kibao, anapasua sangala na upanga wangu wa tatu.

Mkubwa wao, kijana mwenye majani kichwani, akauona ule mpini. «Mama, hiyo ni yetu. Sisi ndiyo simba.»

«Kuja uikamate, mwanangu.»

Kijana akasimama. Mji mzima ulijua sheria ya dawa yao: aliyenyunyiziwa maji ya mganga ya kuzuia risasi asiguse mwanamke, wala asipokee kitu mkononi mwake. Maji yangepoa, risasi ingeingia.

«Uiweke chini, mama.»

«Niko na samaki. Jua inakwenda.»

Akanigeukia. «Baba, weye umunyang'anye, utupatie.»

Nikasema ukweli, maana woga ulinimalizia uongo. «Mwanangu, kila wiki namunyang'anya. Sijawahi kushinda.»

Wenzake wakacheka, mmoja akakaa chini kabisa. Wakangoja. Mke wangu alimaliza samaki, akachukua mwingine, akawakaribisha mkia, na huo pia hawakuweza kuupokea. Mwishoni wakaenda na kiti changu cha mapumziko. Niliwashukuru.

Nikanyoosha mkono kuchukua upanga wangu.

«Usiguse,» akasema mke wangu. «Siku ikiwa mukononi mwako, watarudi na wataibeba.»

Alisema kweli. Ukabaki kwake mpaka waasi walipoondoka, na baada ya hapo sikupata tena sababu ya kuudai. Mpaka leo anapasulia nao samaki. Jumamosi ananiruhusu niupake mafuta ya cherehani, ananishikia yeye mwenyewe mpini, namna mtu anavyomshika mtoto anayenyolewa.